Chini ya Tuta Hakai Mtu

Nikisikia mtu anasema "hatari ndogo", namkatiza hapo hapo. Nimefundisha shule ya msingi hapa Bariadi muda mrefu, nimezoea maneno ya ofisini, na si mtu wa kushtushwa na kila kitu. Lakini maneno hayo mawili yananitia kinyaa, na kila anayeyatamka mbele yangu huishia kuniona mwanamke mkorofi. Na anione hivyo hivyo.

Kijiji nilichozaliwa kiko upande wa Nkololo, na kina lambo. Ni lambo la kawaida: tuta la udongo limekatiza bonde, maji ya mvua yanajaa nyuma yake, ng'ombe wanakunywa na watu wanachota. Pembeni mwa tuta kuna utoro, mfereji mpana uliochimbwa ili lambo likifurika maji ya ziada yatokee hapo badala ya kupanda juu ya tuta. Maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe anaingia mpaka tumboni, anakunya, anakojoa, na pembeni yake mtu anazamisha ndoo ya kupikia. Nimeyanywa utoto wangu wote, na sasa siwezi kumtazama mtu akiyachota bila kugeuza uso.

Kuna birika la kunyweshea mifugo, lilijengwa mbali kidogo ili ng'ombe wasikanyage tuta. Bomba lake liliziba na hakuna aliyejisumbua kulizibua, kwa hiyo limekuwa mahali pa wanaume kukaa na kucheza bao. Ng'ombe wanapanda tuta wanavyotaka. Wamelikanyaga mpaka pale katikati limebonyea, na kila mtu anaona, na kila mtu anapita zake.

Chini ya tuta kuna majaruba ya mpunga. Udongo wa pale ni mweusi wa mbuga, na maji yanayopenyeza chini ya tuta huufanya ubaki na unyevu hata mvua ikisimama. Watu wengine wakiona tuta linavuja wanashtuka. Sisi tunagombania jaruba lililo karibu na panapovuja. La mama yangu ndilo lililo karibu kuliko yote. Aliachiwa na baba, analilima mwenyewe, na hakuna kitu duniani anachokipenda kama lile jaruba, mimi nikiwemo.

Mpunga ukianza kubeba, kwelea kwelea wanashuka kwa makundi. Wasipofukuzwa kutwa nzima hawaachi kitu. Basi wanawake wanahama. Kila mwenye jaruba anasimika kibanda cha miti na nyasi kando ya mpunga wake, anabeba mafiga yake matatu, sufuria, mkeka na blanketi, na kulala huko huko mpaka avune, kwa sababu ndege huanza alfajiri na kumalizia magharibi. Kila mwaka, kwa majuma kadhaa, chini ya lile tuta kunakuwa na kijiji kingine, kina moshi, kina vicheko na makopo yanayogongwa kutwa. Na hayo ndiyo majuma ambayo lambo limejaa kuliko wakati wowote. Mavuno yakiisha watu wanarudi kwenye nyumba zao za juu, vibanda vinaachwa vioze, na bonde linabaki kimya.

Nilivyolijua suala la madaraja ya hatari ni kwa bahati tu. Nilikuwa msibani Binza, kule Maswa, nikaketishwa jirani na bwana mmoja, mtaalamu wa maji aliyehamishiwa mkoani kwetu. Tulipokuwa tunasubiri chakula akanieleza kazi yake. Alisema kila lambo, hata liwe dogo namna gani, linapangiwa daraja la hatari: kubwa, ya kati au ndogo.

"Watu hawaelewi, Mwalimu," akaniambia. "Daraja halisemi kama tuta ni zima au bovu. Linasema likivunjika litamkuta nani. Tuta linaweza kuwa limechoka kabisa, lakini kama chini yake ni pori tupu, tunaandika hatari ndogo. Tuta zuri, jipya, chini yake kuna nyumba, hatari kubwa."

"Nyumba ngapi?"

"Hatuanzi na nyumba, tunaanza na uhai. Hata mtu mmoja tu, kama yupo pale na anaweza kufa, lambo haliwezi kubaki daraja la chini."

Akanieleza na tofauti yake. Lambo la hatari kubwa lazima likaguliwe na mhandisi mara kwa mara, liwe na mpango wa kuwahamisha watu, na likiharibika linatangulia kutengenezwa. Lambo la hatari ndogo linaachiwa kijiji kilitunze. Mimi najua kijiji changu kinavyotunza kitu, nimeliona lile birika.

Nikamuuliza kuhusu lambo letu. Akafikiri kidogo, akasema ndogo. Nikamwambia mama yangu hulala chini yake masika yote. Akaacha kutafuna kijiti chake, akaahidi atakuja kulipima upya. Nikamsihi aje masika, aone kwa macho yake. Akacheka. Gari likiingia mbuga ile wakati wa mvua linabaki huko, alisema, ukaguzi ni kiangazi.

"Kiangazi utakuta bonde tupu."

"Nitakuta vibanda, Mwalimu. Hata mabaki yake. Miti, mafiga, majivu. Hayo yananitosha."

Kiangazi kilipofika nilipanda gari lake tukaenda pamoja, nimejaa furaha ya kijinga. Tuliposimama juu ya tuta na kutazama chini, nilidhani tumekosea njia. Bonde lilikuwa limefagiliwa. Hapakuwa na mti uliosimama, hapakuwa na unyasi wa kibanda, hapakuwa na figa hata moja. Palipokuwa na majivu palifukiwa udongo ukakanyagwa. Hawa ni watu ambao taka za mnadani hukaa njiani mpaka mvua izizoe, lakini siku ile walikuwa wamefagia bonde zima.

Kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta, na mbuzi alikuwa keshaanza kuchomwa. Mwenyekiti wa kijiji akatoa taarifa kwa sauti ya mkutanoni: chini ya tuta hakai mtu. Mtaalamu akauliza wananchi kama ni kweli, wakaitikia ni kweli. Nikamwambia, mbele yao wote, kwamba mama yangu mzazi hulala pale, na yule pale amesimama, mwulize.

Mama alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani. Ni mama anayewafundisha wenzake katekisimu.

"Shikamoo, mama," mtaalamu akasema. "Eti wewe hulala hapa chini?"

"Marahaba, baba. Mimi nakaa kule juu. Nyumba yangu ile ya bati."

"Na wakati wa mpunga?"

"Nakuja asubuhi, narudi jioni."

Alisema huku ananitazama machoni, hakupepesa. Wanawake wenzake wakaguna kwa kukubali. Wengine wao nimekula ugali kwenye vibanda vyao, bondeni pale pale, nimelala kwenye mikeka yao nikiwa mtoto.

Mtaalamu hakushuka. Alikuwa na viatu vilivyong'arishwa, na mteremko una mbigili. Alisimama juu akaweka kiganja juu ya macho, akatazama bonde alilofagiliwa, akaandika. Kisha akaitwa kwenye nyama. Nikamfuata nikamwambia anajua kabisa ukweli ni upi.

"Najua kwa sababu umeniambia wewe," akajibu, anafuta mafuta mdomoni. "Mimi naandika ninachokiona na ninachoambiwa na wananchi. Wananchi wamesema. Karibu nyama, Mwalimu."

Walikula pale pale juu ya tuta, mgeni na wenyeji, mifupa wakiitupa nyuma yao majini. Maji yale yale ya kupikia. Nilikaa ndani ya gari nimefunga vioo na joto lote lile, ili harufu ya ile nyama isinifikie.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa mama. Nikayakuta mafiga yake nyuma ya kihenge, meusi kwa masizi, amefunikia gunia. Aliyabeba kichwani kutoka bondeni mpaka nyumbani, mwanamke wa umri wake, ili tu isijulikane anakolala. Nikamuuliza kwa nini.

"Walisema serikali ikikuta watu wanalala pale itatufukuza wote na majaruba itachukua," akasema. "Wewe una mshahara, ng'wanawane. Mimi nina jaruba."

"Na lambo likivunjika, mayu?"

"Babako alikufa kitandani, na kitanda hakikuvunjika."

Nilikuwa na hasira naye, na mwenyekiti, na mtaalamu, na yule mbuzi.

Kilichofuata ndicho kilichonikinaisha zaidi. Matokeo yalipofika, mwenyekiti aliitisha mkutano akatangaza kwamba lambo letu limepimwa na serikali na kukutwa na hatari ndogo. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza maana yake. Walielewa kwamba tuta lao ni imara, kwamba limepewa hati. Kilichoandikwa ni kwamba likibomoka hakuna wa kufa, na kiliandikwa hivyo kwa sababu wao wenyewe walijifagia bondeni. Nilisimama nikaeleza. Nikaambiwa nikae, Mwalimu, mambo ya wataalamu tuwaachie wataalamu.

Na kwa kuwa sasa lambo lilikuwa na hati, wakafanya jambo walilokuwa wanaliogopa siku zote. Walijaza mchanga kwenye viroba wakaziba utoro, ili maji mengi zaidi yabaki kwa ajili ya ng'ombe. Wenye mpunga ndio waliofurahi kuliko hata wafugaji, maana maji ya utoro hupita pembeni mwa majaruba na kila mwaka hulaza mpunga wa watu. Wafugaji na wakulima wa kwetu hawajawahi kukubaliana hata juu ya njia ya kupita, lakini hapo walishikana mikono. Walibeba viroba pamoja, wakiimba.

Masika ilikuja na nguvu zake. Jumamosi moja nilichukua pikipiki mpaka pale ukavu ulipoishia, halafu nikatembea mbugani nimeshika viatu mkononi, tope likinifika kwenye vifundo. Nilipanda tuta kwanza. Pale palipobonyea, maji yalikuwa yamebakiza shubiri tu kufika juu. Upande yanakotoka maji mawingu yalikuwa meusi na radi ilishaanza kuunguruma. Nikatazama chini nikaona moshi wa vibanda.

Nilimkuta mama ameketi mlangoni pa kibanda chake, anagonga kopo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mbona umelowa hivyo?"

"Maji yamefika juu ya tuta. Waambie wenzako mpande, sasa hivi."

"Na ndege?"

"Achana na ndege!"

"Lambo limepimwa," akasema, akagonga kopo lake.

"Limepimwa kwa uongo wako, mayu."

Akagonga tena, kwa nguvu, na mimi nikaona nikiendelea kusimama pale nitamtukana mama yangu. Nikapita kibanda hadi kibanda nikiwaambia wanawake wapande. Walinipa pole ya mvua, wakanipa michembe ya viazi vikavu, hakuna aliyenyanyuka. Nikapanda peke yangu mpaka kwenye utoro.

Viroba vilikuwa vimepangwa vizuri kweli. Kama wangetumia nusu ya bidii ile kuziba pale ng'ombe walipobomoa, nisingekuwa na la kusema. Na katikati ya safu ya juu nikakiona kimoja kilichoshonwa mdomo kwa ukanda wa kitenge. Nilikitambua kile kitenge, maua ya njano kwenye bluu. Nilimpelekea mama Krismasi. Alikichana akashonea kiroba cha kuzibia maji juu ya kichwa chake mwenyewe.

Nadhani hapo ndipo nilipochefuka kabisa. Nikakishika hicho hicho nikaanza kukivuta.

Mtu wa kwanza kuniona alipiga yowe, na yowe likafanya kazi ambayo maneno yangu hayakuifanya. Wanaume wakaacha bao wakaja mbio. Wanawake wakatoka vibandani wakapanda tuta wote, na makopo mikononi, kuja kunizuia. "Unaua mpunga wa watu!" "Una wazimu wewe!" Mmoja akanivuta mkono, mwingine akaninyang'anya kanga ya mabegani. Mama alifika wa mwisho, anahema.

"Ng'wanawane, acha," akasema.

Nikatazama bondeni. Hapakuwa na aliyebaki, wote walikuwa juu wananitukana. Nikavuta. Kitenge kikakatika, kiroba kikapasuka, na maji yakakichukua cha pembeni yake, na cha pembeni yake tena. Baada ya hapo hata kama wangenifunga kamba isingesaidia, maji yalikuwa yanajifungulia yenyewe.

Yalishuka na utoro yakaingia kwenye majaruba. La kwanza lilikuwa la mama, kwa sababu ndilo lililo karibu. Mpunga ulilala wote kwa pamoja. Kisha kibanda chake kikainama, kikang'oka, kikaondoka kimesimama wima na mkeka wake na blanketi lake na sufuria iliyokuwa jikoni, kikatembea mpaka kwenye mti wa mgunga, kikapasukia pale. Watu waliacha kupiga kelele. Hayo yalikuwa maji ya ziada tu. Lambo lenyewe lilikuwa bado nyuma yetu, limejaa.

Mvua ikapiga alasiri yote. Maji yakawa yanatoka utoro, tuta likabaki.

Lambo halikuvunjika, na hapo ndipo nilipoponzeka. Lingevunjika, wangesema Mwalimu alituonya. Kwa kuwa halikuvunjika, mimi ndiye niliyeharibu chakula cha watu bila sababu. "Si mnaona?" mwenyekiti akawaambia. "Limepimwa lile." Wakasahau kwamba bila utoro kufunguliwa maji yangepita palipobonyea. Watu niliosoma nao wakaacha kunisalimia mnadani. Mama ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Sukari niliyompelekea ilirudi. Nilimtumia blanketi, likarudi. Mwaka ule alikula ugali wa mtama na michembe, hakuonja wali, na hakunitumia hata salamu. Niliumia, sitajifanya sikuumia. Lakini ningerudishwa pale utoroni, ningevuta tena, na ningeanza na kiroba kile kile.

Kilichobaki ni yule mtaalamu. Nilimwendea ofisini mpaka akawa anatokea mlango wa nyuma. Mwishowe, kiangazi kilichofuata, akaona heri aje kuliko kuniona tena. Alikuja na viatu vyake vile vile. Watu walikuwa juu ya tuta vile vile, bonde limefagiliwa vile vile, na mbuzi mwingine yuko motoni. Nilisimama kando nikitazama ule moshi, nikajiuliza kama kuna watu duniani wanaochosha roho kama hawa wangu.

"Chini ya tuta kuna mtu anayelala?" mtaalamu akauliza.

"Hakuna," akasema mwenyekiti.

"Hakuna," wakaitikia.

Nilimtafuta mama katikati ya wanawake, sikumwona. Kisha nikamwona anakuja na njia ya nyumbani kwake, beseni kichwani, anatembea taratibu kwa sababu ya uzito. Akapita katikati ya watu. Akapita kwenye nyama. Mimi hakunitazama. Akashuka tuta upande wa majaruba, akafika kando ya jaruba lake, akatua beseni, akatoa mafiga yake akayapanga pale pale yalipokuwa, moja moja, akiyatikisa kila moja kuona kama limekaa.

"Mmoja yupo," akasema kutoka kule chini. "Andika."

Mwenyekiti akaanza kusema mama huyu ni mgonjwa. Mtaalamu akamwomba anyamaze. Nadhani aliona haya, na kama aliona haya ilikuwa mara ya kwanza kumwona na kitu cha kibinadamu. Akashuka na viatu vyake, mbigili zikamganda kwenye soksi, mpaka kwenye mafiga.

"Mama, mwaka jana ulisema hulali hapa."

"Mwaka jana nilikuwa sijaona kibanda changu kikitembea."

Akatazama juu kwa wanawake wenzake, mmoja mmoja, wale waliogonga makopo naye masika yote. Alisubiri. Mmoja akainama kufunga kiatu cha mjukuu wake, mwingine akageukia nyama. Hakuna aliyeshuka. Mtaalamu naye alisubiri, kisha akaandika alichokiona: mtu mmoja.

Mama akapanda tuta polepole, beseni tupu mkononi. Safari hii alikuja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama.

"Mpunga wangu sijakusamehe," akaniambia.

Nikamwambia najua, mayu. Akanipa beseni nibebe, tukaenda nyumbani.